Swali la lugha: "Atakayekutwa na dawa atafungwa"

Mwalimu wa michezo wa sekondari moja wilayani Nachingwea ameniandikia hivi: "Shikamoo mwalimu. Kabla ya kuchagua timu ya riadha nilibandika tangazo ubaoni: 'Ni marufuku mwanamichezo kutumia dawa. Atakayekutwa na dawa atafungwa.' Siku ya pili mama wa mwanafunzi mmoja alikuja shuleni, ameshika pampu ya pumu ya binti yake, kaifunga kwenye pindo la khanga. Aliikuta chini ya godoro. Binti hataki tena kwenda nayo mazoezini, anaogopa kukamatwa. Najua nimekosea, ila nimekosea wapi? Niandike 'dawa za kusisimua misuli' kama redioni, 'dawa za kuongeza nguvu' kama wasemavyo vijana wangu, au lipo neno lingine?"

Marahaba, mwalimu. Umefanya vyema kuuliza kabla tangazo halijapelekwa shule nyingine.

Tatizo limeanzia kwenye neno dawa lenyewe. Kwa Waswahili dawa ni neno jema. Dawa ya moto ni moto, dawa ya deni ni kulipa: ni kile kinachoondoa shida. Na huku kwetu Kusini neno hili limebeba zaidi. Mwezi Juni ukisikia mtu wa Nachingwea, Newala au Masasi anauliza "dawa zimefika?", hazungumzii zahanati, anazungumzia salfa ya kupulizia mikorosho isishikwe na ugonjwa wa ubwiri unga. Neno pana namna hii haliwezi kukataza kitu likiwa peke yake. Ndiyo maana tunasema dawa za kulevya, wala hatuishii kwenye dawa. Tangazo lako lilikata mkia wa neno, na binti wa watu akaona linamsema yeye na pampu yake.

Sasa hayo maneno ya redioni. "Dawa za kusisimua misuli" yameshazoeleka na siwezi kuyafuta. Msikilizaji akiyasikia anajua habari inahusu nini. Wenzetu wa magazeti ya Kenya husema pia "kututumua misuli", au kwa neno moja, pufya, ambalo ukilitamka sokoni Lindi utatakiwa ulieleze. Lakini tuyatazame kwa karibu. Kusisimka ni kile kinachotokea mwilini unapopigwa na baridi ya alfajiri au unaposikia habari ya kutisha: vinyweleo vinasimama. Kusisimua ni kusababisha hali hiyo, au kuamsha kilicholala. Dawa ngapi katika hizo zinaamsha misuli? Steroidi, kama ile stanozolol iliyompokonya mkimbiaji wa Kanada Ben Johnson dhahabu ya mita 100 huko Seoul mwaka 1988, hujenga misuli, haziisisimui. EPO, inayowanasa wakimbiaji wengi wa masafa marefu, huufanya mwili utengeneze chembe nyekundu nyingi za damu ili hewa ya oksijeni ifike kwa wingi, na misuli yenyewe haiguswi. Baadhi ya dawa za presha hupunguza mapigo ya moyo na kutuliza mkono, na kwa sababu hiyo zimekatazwa kwa walenga shabaha na wapiga mishale. Hizo hazisisimui chochote, zinatuliza! Zipo pia dawa za kukojosha, ambazo mtu huzimeza ili kuficha nyingine. Na anayejiongezea damu kwa mpira wa dripu hajameza dawa yoyote, ila amevunja kanuni ileile.

"Dawa za kuongeza nguvu" yako karibu kidogo na ukweli, lakini usiyabandike kwenye ubao wa shule. Mitaani maneno hayo yameshachukuliwa na wauzaji wa dawa za nguvu za kiume, na wanafunzi wako wanalijua hilo kuliko wewe.

Ushauri wangu: usizitaje kwa kazi zinazofanya mwilini, maana kazi zake ni nyingi mno. Zitaje kwa katazo. Andika dawa zilizokatazwa michezoni, au dawa zilizopigwa marufuku michezoni, na uongeze neno mbinu ili suala la kuongezewa damu lisiachwe nje. Kanuni zenyewe zimejengwa hivyo. WADA, shirika la dunia lililoanzishwa mwaka 1999 kusimamia jambo hili, hutoa orodha inayoanza kutumika tarehe 1 Januari kila mwaka. Kitu huingia kwa sababu kimewekwa kwenye orodha, na kinaweza kutoka: kafeini, ile ya kwenye kahawa, iliondolewa mwaka 2004. Tramadol, dawa ya maumivu, imekatazwa siku za mashindano kuanzia mwaka 2024.

Mimi nalikwepa neno haramu hapa. Haramu lina uzito wa dini na wa sheria za nchi, na dawa nyingi kwenye orodha hiyo ni halali dukani na hospitalini. Mirungi ni habari nyingine: sheria ya Tanzania inaikataza, na kilevi kilichomo ndani yake kimo pia kwenye orodha ya michezo.

Na pampu ya binti? Salbutamol, dawa ya pumu, ikiwa ya kuvuta inaruhusiwa bila kibali, mradi isizidi maikrogramu 1600 kwa saa 24, na isizidi 600 ndani ya saa 8. Salbutamol hiyohiyo ikiwa kidonge imekatazwa, isipokuwa kwa kibali maalumu cha matibabu. Jina moja la dawa, hukumu mbili. Hapo ndipo unapoona "asitumie dawa" lilivyo katazo lisilotosha.

Neno la pili ni kukutwa. "Kukutwa na dawa" ni kukutwa nayo mkobani. Iliyo kwenye mkojo au damu ni "kukutwa na dawa mwilini". Yote mawili ni makosa, lakini ni makosa tofauti, na yapo mengine yasiyohitaji dawa kuonekana. Mkenya Wilson Kipsang, aliyewahi kushika rekodi ya dunia ya marathoni, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kutopatikana alipotakiwa kupimwa na kwa kutoa maelezo ya uongo. Anayeandika kwamba "alikutwa na dawa" anamsingizia. Aandike "alivunja kanuni".

La tatu ndilo lililomtisha mtoto zaidi. Kufungwa ni kwenda jela, au kushindwa mchezoni. Mtu wa Ruangwa akiambiwa timu yao ya Namungo imefungwa, atauliza ngapi. Akiambiwa imefungiwa, atauliza imekosa nini. Kiambishi kidogo hicho cha -i- kimebadili habari nzima. Duka lililofungwa, mwenyewe kaenda kula. Duka lililofungiwa, serikali imeweka kufuli. Mchezaji naye hufungiwa. Akiwa bado anasubiri uamuzi, amesimamishwa.

Hata hivyo shule haina mamlaka ya kumfungia mtu, kwa hiyo neno hilo nimeliacha. Bandika hili:

"Mwanamichezo haruhusiwi kutumia dawa wala mbinu zilizokatazwa michezoni. Atakayevunja kanuni hii ataondolewa kwenye timu. Mwenye ugonjwa asiache dawa yake. Amwone mwalimu wa michezo kabla ya kambi, aje na cheti cha hospitali."

Sentensi mbili za mwisho ziandike kwa herufi kubwa. Na kabla hujalibandika tangazo, mwite yule mama na binti yake uwasomee wewe mwenyewe.