Kabla hujakokotoa nishati mwendo, chora jicho

Kila kundi jipya la wanafunzi huniletea swali hili, na nikilisikia hufurahi, maana anayeliuliza ameacha kukariri fomula na ameanza kuihoji.

Gari la kilo 1,000 limesimama. Dereva analiondoa na kulifikisha mita 10 kwa sekunde. Nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kutokana na mwendo wake, ni nusu ya tungamo mara mraba wa kasi: jouli 50,000 (jouli ni kipimo cha nishati). Anakanyaga tena mpaka mita 20 kwa sekunde, na sasa nishati mwendo imefika jouli 200,000. Hatua ya pili peke yake imekula jouli 150,000. Wakati huohuo mwenzako yuko ndani ya treni inayokwenda sambamba na barabara, upande uleule, kwa mita 10 kwa sekunde. Machoni pake hatua hiyo ya pili ilianzia sifuri ikaishia 10, kwa hiyo anapata jouli 50,000 tu. Petroli iliyoungua ni ileile. Jouli 100,000 zimekwenda wapi?

Mimi nilipokutana nalo mara ya kwanza nilihangaika nalo wiki nzima, nikijaza karatasi, nikiamini fomula ina kasoro. Fomula ilikuwa nzima. Nilikuwa nimeisahau Dunia.

Gari halipati kasi hivihivi. Matairi yanaisukuma barabara kwenda nyuma, nayo barabara inalisukuma gari mbele. Momenta (tungamo mara kasi) iliyoongezeka kwenye gari ni kilo 1,000 mara mita 10 kwa sekunde, yaani 10,000, na Dunia imepokea kiasi hichohicho kuelekea nyuma. Kwa aliyesimama kando ya barabara, Dunia ilikuwa imetulia, na tungamo yake ni kubwa mno (kilo 6 ikifuatiwa na sifuri 24) hivi kwamba nishati inayopata haina uzito wowote kwenye hesabu. Lakini kwa mtu wa treni, Dunia nzima tayari inakimbia kinyumenyume kwa mita 10 kwa sekunde. Kitu kizito kilicho kwenye mwendo, ukikiongezea momenta kidogo upande kinakokwenda, nishati yake hupanda kwa momenta hiyo mara kasi yake. Zidisha 10,000 kwa 10. Jouli 100,000 ndizo hizo! Ukijumlisha na 50,000 za gari, unarudi palepale kwenye 150,000.

Rudia hesabu hiyo kwa mkono wako, usisome tu. Ukiipata, umeelewa kwamba nishati mwendo haikai ndani ya kitu kama maji ndani ya mtungi. Wewe uliyeketi hapo, kwa kulinganishwa na chumba, huna hata jouli moja. Kwa kulinganishwa na Jua, ambalo Dunia inalizunguka kwa takriban kilomita 30 kwa sekunde, mtu wa kilo 70 ana zaidi ya jouli bilioni 31. Majibu yote mawili ni sahihi.

Wengine hapo huogopa, wakadhani basi kila kitu kinategemea mtazamaji. Hapana. Chukua madonge mawili ya udongo wa mfinyanzi, kila moja kilo 1, yagongane uso kwa uso kwa mita 2 kwa sekunde kila moja, yanate na kusimama. Jouli 4 zimegeuka joto na kubonyea. Sasa panda mgongoni mwa donge moja na uendelee na kasi yako ileile hata baada ya mgongano. Kabla, donge la pili linakujia kwa mita 4 kwa sekunde, jouli 8. Baada ya hapo, kilo 2 zilizonatana zinakwenda kwa mita 2 kwa sekunde, jouli 4. Tofauti ni jouli 4 zilezile. Joto lililozalishwa halibishaniwi, na ndiyo maana chai haipati moto zaidi kwa kuwa iko ndani ya treni inayokwenda kasi.

Zoea nililojijengea ni dogo: kwenye kona ya kila mchoro nachora jicho lenye mshale wa kasi yake. Siandiki namba yoyote kabla ya jicho hilo, na silihamishi katikati ya hesabu. Makosa mengi ninayosahihisha ni ya mwanafunzi aliyechukua kasi ya mwanzo akiwa barabarani na kasi ya mwisho akiwa ndani ya treni. Kazi (kani mara umbali) nayo hubadilika, kwa sababu umbali ambao kani imesukuma haufanani kwa watazamaji wawili. Na kwa sasa jicho lako lisiwe kwenye basi linalofunga breki au kukata kona. Huko zinahitajika kani za nyongeza, na utazifikia baadaye.

Anza na mtazamaji wa baiskeli, mita 5 kwa sekunde upande uleule, gari lilelile, hatua ileile ya pili. Gari litakupa jouli 100,000. Zilizobaki 50,000 utazikuta kwenye Dunia.