Niliyojifunza Nilipobandua Vanishi kwenye Baraza ya Mbao

Tulipohamia Uyole, jijini Mbeya, niliipaka sakafu ya baraza yetu, ambayo ni ya mbao za paini kutoka Mufindi, vanishi ya kung'aa kama ya kabati la vyombo, na kila mgeni aliisifu. Mvua za Novemba zilipoanza, vanishi ilitoka malengelenge, kisha ikabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa, na chini yake mbao zilikuwa zimeshakuwa nyeusi. Kosa lilikuwa langu. Vanishi hutanda juu ya mbao kama ngozi, ilhali mbao iliyo nje hutanuka na kusinyaa kadiri mvua na jua vinavyopokezana. Ngozi hiyo ikipasuka, maji huingia yasipate pa kutokea. Sakafu ya nje inataka rangi ya mbao ya mafuta, ile inayopenya, ambayo haing'ai sana lakini ikichakaa hufifia tu.

Kubandua ndiyo kazi yenyewe. Nilipaka dawa ya kubandulia rangi kwa unene, kipande cha mita moja kwa wakati, nikangoja vanishi ikunjamane, ndipo nikaikwangua kwa kisu cha puti nikifuata nyuzi za mbao. Vaa glavu na ufunike macho, maana dawa hiyo huunguza. Brashi ya waya, niliyoshauriwa na jirani, niliijaribu kwenye ubao mmoja tu: nyaya zake zilikatikia ndani, na baada ya wiki pakatokea madoa ya kutu ambayo mke wangu hunionyesha hadi leo. Dawa ikiwa ya magadi makali, suuza kwa maji mengi, kisha kwa maji yenye siki, kwani magadi yakibaki huipa mbao weusi na kuiharibu rangi mpya.

Kabla ya msasa, zamisha vichwa vya misumari. Msasa namba 80 unatosha. Msasa laini mno huziba vinyweleo vya mbao, rangi ikakosa pa kuingilia.

Baada ya hapo ni kungoja mbao zikauke, na hapa ndipo wengi wetu hushindwa. Mimi nilingoja siku tano za jua la Septemba. Dondosha maji juu ya ubao: yakinywewa upesi, paka, yakikaa kama shanga, bado kuna vanishi. Ndugu zetu wa Tukuyu, ambako hata kiangazi mvua haiaminiki, wawe na turubai karibu.

Anza umande ukishakauka, upake mbao mbili mbili kutoka mwisho hadi mwisho bila kuishia katikati, la sivyo mistari ya maungio itaonekana. Baada ya dakika 15 hivi, futa kwa vitambaa mafuta ambayo mbao haijayanywa, maana yakibaki hunata. Vitambaa hivyo usivirundike stoo: mafuta ya kitani, ambayo huwa kwenye rangi za namna hii, hutoa joto yanapokauka, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vyangu nilivianika kimoja kimoja kwenye seng'enge, mbali na nyumba, mpaka vikakakamaa.