Ukitafuta Fundi, Mpe Gari Kabla ya Kumuuliza Cheo

Kijana akija gereji kwetu kuomba kazi ya umeme wa magari, mazungumzo ya alikuwa nani huko alikotoka nayaweka baadaye. Kwanza namwonyesha gari bovu. Nimesimamia mafundi Dar es Salaam kwa miaka mingi, na wenzangu wenye gereji wakiniuliza wazuri nawapata wapi, nawaambia waache kuajiri kwa vyeo.

Jaribio langu ninalolipenda ni la gari lisilowaka. Betri ni nzima, ukiipima inasoma volti 12.6, lakini ukipiga stata unasikia "tak" basi. Waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye injini nimeufunga na kutu yake makusudi. Alikuja bwana mmoja ambaye wasifu wake ulisema alikuwa fundi mkuu wa umeme. Alisikiliza ule mlio, akasema stata imekufa, inunuliwe nyingine. Baada yake akaja kijana aliyekuwa saidia fundi kwenye gereji ya uchochoroni. Huyu aliomba mita. Akaweka ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, akaniomba nipige stata. Mita ikaonyesha zaidi ya volti moja inapotea njiani, mahali ambapo hata nusu volti ni nyingi mno. Akafungua waya, akausugua kwa msasa, akaukaza, gari likawaka. Mteja angeuziwa stata bure!

Kijana nikamchukua, na nikamlipa mshahara wa fundi, maana ndiyo kazi aliyoionyesha. Hapa waajiri wengi wanateleza: wanakiri mtu anajua, halafu wanampa ujira wa saidia fundi kwa kuwa ndivyo alivyokuwa akiitwa. Huo ni unyonyaji, tusiupambe.

Ukitaka kufuata njia hii, kabla hujatangaza nafasi andika kazi zenyewe. Usiandike "anahitajika fundi umeme mwandamizi". Andika: atafute shoti, apime gari kwa mashine na kuelewa majibu, afungue na kukarabati altaneta inayochaji betri, amweleze mteja tatizo kwa lugha anayoielewa. Hilo la mwisho msilidharau, wateja wengi huondoka kwa kuwa hakuna aliyewaeleza kitu. Waombaji wote wape jaribio lilelile, na wakishinda siku nzima kwenye gari la mteja walipe, hata yule ambaye hutamwajiri. Kisha kaa uangalie anavyofikiri, kwa sababu kuna anayebahatisha na gari likawaka.

Ziko kazi ambazo karatasi haikwepeki. Fundi wangu awe hodari vipi kwenye magari, simtumi kwenda kufunga umeme wa nyumba ya mtu bila leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti huduma za nishati na maji. Sheria imewekwa kwa ajili ya maisha ya watu. Ninachopinga ni kudai cheo au shahada pale ambapo kazi yenyewe haidai.

Baada ya kuajiri ndipo kazi kubwa inapoanza. Ukutani tuna ubao: upande mmoja majina, upande mwingine kazi, kuanzia kubadilisha pedi za breki hadi kujaza gesi ya kiyoyozi. Kila mtu anaonekana alipofika: hajawahi, anafanya akisimamiwa, anafanya peke yake, anaweza kumfundisha mwingine. Nyongeza ya mshahara inafuata ubao. Ugomvi wa nani mkubwa kwa nani ulipungua sana tangu tuuweke, na wazee wa kazi waliokuwa wakificha mbinu zao walianza kufundisha, kwa kuwa kufundisha nako kunalipwa.

Halafu wasaidieni wapate vyeti. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi hapa Tanzania, ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Fundi anapimwa kwa vitendo na kuhojiwa, anaonyeshwa mapungufu yake, anapata mafunzo ya kuyaziba na kutunukiwa cheti, hata kama hakuwahi kukaa darasani. Kwa wenzetu wa Kenya, NITA, mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, hutahini mafundi kwa madaraja, kuanzia la tatu kupanda hadi la kwanza.

Wenye gereji huniambia, "Ukimpa cheti ataondoka." Kweli, baadhi huondoka. Ila ujuzi ni wake, na asiye na cheti naye huondoka siku akichoka kudharauliwa. Mimi nawaandikia barua, na ndani yake siandiki alikuwa na cheo gani. Naorodhesha kazi anazozifanya peke yake bila kusimamiwa, natia sahihi na namba yangu ya simu, ili atakayemwajiri aniulize.