Maswali ya Wasomaji: Faili la mauaji linapofufuliwa

SWALI: Joseph DeAngelo, muuaji wa California, alinaswa 2018 kwa vinasaba, na huku vinasaba vyake havikuwamo kwenye kumbukumbu za polisi. Walivilinganisha na vya nani? – Msomaji, Tanga

JIBU: Na vya ndugu zake. Kumbukumbu za polisi wa Marekani huhifadhi alama 20 tu za vinasaba vya kila mtu. Zinatosha kusema ni huyu au siye, ila haziwezi kumtambua binamu wa mbali. Wapelelezi walichukua shahawa zilizohifadhiwa tangu mauaji ya mume na mke huko Ventura mwaka 1980, zikapimwa upya kwa alama laki kadhaa, kisha matokeo yakapakiwa kwenye tovuti za watu wanaotafuta asili zao, GEDmatch ikiwa mojawapo.

Udugu huko hupimwa kwa sentimorgani, kipimo cha kiasi cha vinasaba ambavyo watu wawili wanashirikiana. Mabinamu wa kwanza hushirikiana takriban 850. Wanaokutana kwa babu wa babu, kama 70 tu. Kuanzia hapo ni kazi ya makaratasi: unapanda kwa vyeti vya kuzaliwa, ndoa na matangazo ya vifo hadi kwa mzee wa pamoja, halafu unashuka na kila tawi ukichuja kwa jinsia, umri na mahali mtu alipoishi. Hapa ndipo mambo huharibika. Mtoto wa nje ya ndoa au wa kuasiliwa hukata tawi bila cheti chochote kukuambia. Mwaka 2017, kwa njia kama hiyo, mzee mmoja wa Oregon alishukiwa kuwa ndiye muuaji huyo, akachukuliwa sampuli, kumbe siye.

Kwa hiyo ukoo hutoa jina tu, hautoi ushahidi. Polisi walipitisha pamba kwenye kitasa cha gari la DeAngelo, wakaokota tishu kwenye pipa lake la taka, wakalinganisha kwa kipimo cha kawaida. Juni 2020 alikiri mauaji 13. Ubakaji mwingi haukushtakiwa kwa kuwa muda wa kisheria ulikuwa umepita; mauaji hayana ukomo.

SWALI: Ndugu yetu aliuawa miaka mingi iliyopita na faili limelala. Tuanzie wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kenya nako kesi ya mauaji haizeeki. Tafuteni kwanza namba ya OB (kitabu cha matukio cha kituo cha polisi), ripoti ya upasuaji wa maiti, na namba ya faili la mahakama kama hakimu aliwahi kuchunguza kifo hicho. Mwandikieni afisa wa DCI (idara ya upelelezi wa jinai) wa kaunti, nakala kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Anzeni na jambo jipya: shahidi gani, anapatikana wapi. Barua ya kilio peke yake hurudishwa kabatini.

Muwe na subira. Agnes Wanjiru wa Nanyuki aliuawa 2012, mwili ukapatikana kwenye tangi la maji taka la hoteli. Hakimu alitamka 2019 kuwa aliuawa; Mahakama Kuu ikatoa hati ya kumkamata mshukiwa Septemba 2025.

Mkiwa bado na nguo za marehemu, msizifue wala kuzianika juani, na zisishikwe-shikwe. Mfuko wa nailoni ndio adui mkubwa: unyevu hubaki ndani, bakteria na ukungu hula vinasaba. Zikiwa na unyevu zikaushwe kivulini, kisha kila nguo iingie kwenye bahasha yake ya kaki. Anayezipokea asaini, aandike tarehe na saa, nanyi mbaki na nakala. Pengo la siku moja kwenye orodha hiyo ya makabidhiano linamtosha wakili wa utetezi kuupinga ushahidi.