Mzunguko wa reli wa Mazeras juu ya ubao mmoja

Ndugu, umeuliza kama mfano mdogo, wa treni za kuchezea, wa mzunguko wa Mazeras, pale njia ya zamani ya Mombasa–Nairobi inapopita juu yake yenyewe, utatosha kwenye plaiwudi moja ya mita 2.4 kwa 1.2. Utatosha, ila usinunue reli zenye upana wa milimita 16.5 kati ya chuma na chuma. Njia ile ina upana wa mita moja. Kwa kipimo cha 1:87, yaani kila kitu kikiwa kidogo mara 87, ni milimita 11.5, hivyo chukua za milimita 12.

Kona zipe nusu kipenyo cha sentimita 50. Injini za mvuke za Garratt, kundi la 59, ambazo bila hizo mandhari ile haijakamilika, zilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Kwenye mfano wako ni sentimita 36 na ushei. Kwenye kona kali boila huegemea ndani na kugonga ukingo.

Ili kupita juu unahitaji kimo cha sentimita 8. Kwa mwinuko wa asilimia 2, hizo ni mita 4 za reli. Ukizidisha mwinuko, magurudumu yatateleza.

Plaiwudi ipake rangi pande zote mbili, la sivyo unyevu utaipinda. Lehemu nyaya za umeme kwenye reli kila baada ya mita moja, maana viungio vya reli hushika uchafu na treni husimama. Upande wa volti 240 mwachie fundi umeme.