Maswali ya Wasomaji: Ng'ombe Ndani ya Herufi A

Wanafunzi wangu wanauliza kwa nini A imechorwa vile na kwa nini ndiyo ya kwanza. Niwajibu nini? (Mwalimu wa darasa la kwanza, Mafinga)

Mwalimu, chukua chaki uandike A kubwa ubaoni, kisha pembeni yake iandike tena kichwa chini, ncha ikitazama sakafu. Waulize wanaona nini. Mtoto aliyezoea kuswaga mifugo hatakawia: ni uso wa ng'ombe na pembe zake mbili.

Yapata mwaka 1800 kabla ya Kristo, watu wa lugha za Kisemiti waliofika kwenye machimbo ya feruzi ya Serabit el-Khadim, rasi ya Sinai, walichonga kichwa cha ng'ombe kwenye mawe. Ng'ombe dume walimwita *alpu*. Walikuwa wameyaona maandishi ya picha ya Wamisri, yenye alama kwa mamia, wakachagua picha chache na kuziwekea kanuni moja: usisome neno zima, soma sauti yake ya kwanza tu. Nyumba waliiita *bet*, ikawa b. Maji, *mem*, yakawa m, na mawimbi yake bado unayachora kila uandikapo M. Jicho, *ayin*, ndilo O ya leo. Mwanaakiolojia Mwingereza Flinders Petrie aliyafukua maandishi hayo mwaka 1905. Mwaka 1916 Alan Gardiner, mtaalamu wa maandishi ya Kimisri, akalisoma neno lililojirudia humo: *Baalat*, yaani Bibi, mungu wa kike wa mahali pale.

Wafoinike, wafanyabiashara wa baharini wa pwani ya Lebanoni ya leo, baadaye walimlaza ng'ombe ubavu, Wagiriki wakamsimamisha, pembe zikawa miguu. Ama mpangilio, ni wa kale mno. Huko Ugarit, Syria, yamepatikana mabamba ya udongo ya zaidi ya miaka 3200 ambayo yamepanga herufi kwa utaratibu ambao bado unatambulika katika a, b na wenzake, k ikitangulia l, kisha m, kisha n.

Ukitaka watoto wabuni herufi zao kwa kanuni hiyohiyo, jihadhari na ngeli. Ukiwapa mkono, mguu, mdomo, mti na mto, picha zote tano zitatoa m, maana kiambishi ndicho kinachotangulia. Wape maneno yasiyovaa kiambishi: bata, samaki, kuku, fimbo, tembo. Dakika ishirini zinatosha, na hawataisahau kanuni hiyo.

Kwa nini Kiswahili hakina Q wala X, na C haisimami peke yake? (Msomaji, Iringa mjini)

Kwa sababu hatuna sauti zinazozihitaji. Waetruski wa Italia walikuwa na alama tatu za sauti ya k: C kabla ya e na i, K kabla ya a, Q kabla ya u. Warumi wakazirithi zote tatu, pamoja na usumbufu wake. Kiswahili kimeichukua K peke yake, nayo inatosha, huku C ikibaki kumsindikiza h katika *ch*. X ni k na s zilizofungwa pamoja, na sisi huzifungua: eksirei.

Marehemu babu aliacha daftari la biashara la Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kurani ninaisoma, ila daftari hili linanishinda. (Msomaji, Njombe)

Pole, ndugu. Tatizo si macho yako. Herufi za Kiarabu ni ndugu wa damu wa hizi za Kilatini: Wafoinike waliwapa Waaramu wa Syria ya kale, Wanabatia, wenyeji wa mji wa kale wa Petra, wakazitoa kwa Waaramu, na kwa Wanabatia ndiko Waarabu walikozipata. Alifu tunayofundishwa "kwa kijiti" ni ng'ombe yuleyule wa Sinai, amebaki mfupa mmoja. Nazo zimeandika Kiswahili muda mrefu. Barua za Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa Goa, India, hadi leo.

Lakini Kiarabu kina irabu tatu na hakina p, v wala g ya "gari". Waandishi wengi wa zamani hawakuongeza alama, walimwachia msomaji akisie. Kwa hiyo unapokutana na bee, jaribu b, kisha p, kisha mb. Fee jaribu f na v. Ghaini jaribu gh, g na ng. Kasra ni i au e, dhuma ni u au o. Bee mbili zenye kasra zaweza kuwa *bibi*, zaweza kuwa *pembe*, na katika daftari la biashara tofauti hiyo ni kubwa. Anza na maneno unayoyajua kwa hakika, yaani majina ya watu wa ukoo, vijiji na miezi. Hayo yatakuonyesha mkono wa babu ulivyokuwa ukiandika p na e, ndipo urudi ukurasa wa kwanza. Piga picha kila ukurasa kabla hujaanza, kwa sababu karatasi kuukuu huchanika kwenye mikunjo.

Naandika hadithi kwa Kinyakyusa. Je, nitumie ɨ na ʉ au i na u zinatosha? Na kwa nini nikiziandika, wengine wanaona viboksi? (Msomaji, Tukuyu)

Zitumie. Kinyakyusa kina irabu saba, wakati Kiswahili, Kihehe na Kibena zina tano. ɨ inakaa kati ya i na e, ʉ kati ya u na o, na ziko kila mahali: *ʉkʉlɨma* tu ina tatu. Ukiandika i na u pekee, msomaji atalazimika kukisia kama anavyokisia mwenye daftari la Njombe. Wagiriki nao, yapata 800 kabla ya Kristo, walipokea herufi 22 za Wafoinike, zote konsonanti, na lugha yao haisomeki bila irabu. Wakazigeuza zile walizokosa matumizi nazo, alfa ikiwemo, zikawa irabu. Irabu ndefu ziandike mara mbili.

Viboksi hutokana na fonti, yaani seti ya maumbo ya herufi iliyomo kwenye kifaa. Herufi kubwa Ʉ iliingizwa katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi namba yake kwenye kompyuta, mwaka 2006; wenzake watatu, ɨ, Ɨ na ʉ, walikuwamo kabla, hivyo fonti kuukuu inaweza kuonyesha ʉ ndogo vizuri na kukwama kwenye kubwa. Pakua Andika, fonti ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaoanza kusoma, na jina lake ni Kiswahili chetu. Katika Word andika 0268 kisha bonyeza Alt na X, utapata ɨ. 0289 ni ʉ, 0197 ni Ɨ, 0244 ni Ʉ. Kwenye simu, nakili herufi hizo nne mara moja, uziweke kwenye kamusi binafsi ya kibodi kwa vifupisho, mfano "iq" na "uq".

Usiandike u ya kawaida ukaikata kwa mstari wa kufuta. Kwenye skrini yako itapendeza, lakini ukiituma kwa ujumbe mstari unabaki nyuma, na anayetafuta neno ndani ya hadithi yako hatalipata.