Maswali ya Wasomaji: Suluhu ya Pretoria Bado Inauma

Swali: Mzee wetu, shikamoo. Mimi ni shabiki wa Yanga na ninaishi Mbagala, Dar es Salaam. Aprili 2025 niliwatazama Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini wakitoka sare ya 1-1 na Al Ahly mjini Cairo na kuingia fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika kwa goli la ugenini, na usiku ule usingizi ulinipotea, kwa sababu sare ya namna hiyo ndiyo iliyotuponyoka sisi nyumbani kwao Pretoria mwaka mmoja kabla. Wenzangu kijiweni wanasema kutoka suluhu ugenini mbele ya Sundowns ni heshima, na kwamba niache kulalamika. Mimi sijaiona heshima hiyo hadi leo. Je, ninakosea kuumia, na wa kulaumiwa hasa ni nani: mwamuzi, kocha au wachezaji wetu?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hukosei, na sitakuficha kwamba mimi pia ni mmoja wa walioumia. Hata hivyo, maumivu yako yamechanganya mambo ambayo yakitenganishwa yataeleweka vizuri zaidi.

Kwa msomaji ambaye hakufuatilia, ilikuwa robo fainali ya msimu wa 2023/24. Yanga na Sundowns walitoka suluhu Machi 30, 2024 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, wakarudiana Aprili 5 katika uwanja wa Loftus Versfeld, Pretoria, na huko pia lango halikufunguka. Katika kipindi cha pili mchezaji wetu Stephane Aziz Ki aliachia shuti kali lililogonga mwamba wa juu, mpira ukadunda chini karibu na mstari na kurudi uwanjani. Mwamuzi hakutoa goli. Dakika 90 zikaisha, ikaja mikwaju ya penalti, na Sundowns wakashinda 3-2.

Wenzako wa kijiweni wanapoizungumzia heshima wanaitazama sare ya ugenini kana kwamba ni mchezo wa ligi, ambapo ukisafiri na kurudi na alama moja umefanya kazi nzuri. Katika hatua ya makundi msimu ule ule Yanga ilitoka sare ya 1-1 na Medeama ya Ghana mjini Kumasi, na ingawa wengi tulinung'unika, alama ile moja iliingia katika hesabu ya alama nane zilizotuvusha hadi robo fainali. Katika mtoano hakuna alama za kuweka akibani. Sare ya mtoano hupimwa kwa matokeo uliyoondoka nayo nyumbani na kwa kanuni inayotumika, na kanuni ya CAF, yaani Shirikisho la Soka Afrika, tofauti na ile ya Ulaya ambako shirikisho la huko, UEFA, iliifuta mwaka 2021, bado inalipa uzito goli la ugenini pale jumla ya magoli inapolingana. Vilevile, katika hatua ile hakuna muda wa nyongeza. Dakika 90 za marudiano zikiisha bila mshindi, timu zinakwenda moja kwa moja kwenye penalti.

Hapo ndipo tofauti ya maneno yetu mawili, suluhu isiyo na magoli na sare ya magoli, inapokuwa kubwa kuliko tunavyoizoea. Kwa kuwa Dar es Salaam ilikuwa 0-0, sare yoyote ya magoli Pretoria ingeipeleka Yanga nusu fainali. Shuti la Aziz Ki lingehesabiwa, Sundowns wangelazimika kufunga mara mbili katika muda uliosalia, huku wakijua kwamba goli moja tu lisingewasaidia kitu. Kwa hiyo tulichokikosa hakikuwa goli moja tu. Tulikosa kuugeuza mchezo mzima na kuwatia wenyeji katika hofu ambayo sisi tuliishi nayo tangu dakika ya kwanza. Ndiyo maana sare ya Cairo ilikunyima usingizi: Sundowns walitoka suluhu nyumbani kwao kwanza, kama sisi, kisha wakapata ugenini lile goli ambalo sisi hatukulipata kwao.

Kuhusu kocha, siungani na wanaomlaumu Miguel Gamondi kwa suluhu ya nyumbani. Kumbuka fainali ya Kombe la Shirikisho ya mwaka 2023, wakati timu ikiwa chini ya Nasreddine Nabi: tulifungwa 2-1 na USM Alger hapa Dar es Salaam, tukaenda Algiers na kushinda 1-0, jumla ikawa 2-2, na kombe likabaki Algeria kwa sababu ya magoli mawili tuliyoruhusu kwa Mkapa. Sijapata kuona timu ikishinda ugenini katika fainali na bado ikarudi nyumbani na simanzi nzito namna ile. Baada ya funzo hilo, kulinda lango nyumbani mbele ya Sundowns kulikuwa ni uamuzi wa busara, na mabeki wetu waliutekeleza kwa dakika 180 bila kuruhusu goli hata moja.

Lawama yangu iko kwingine. Mpango wa kutoruhusu goli nyumbani una maana pale tu unapokwenda ugenini ukiwa umejiandaa kufunga, na sisi katika michezo miwili tulibaki na shuti moja la kulilia. Nafahamu kwamba Pretoria iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na kwamba mapafu yaliyozoea hewa ya pwani huchoka upesi kule, lakini hilo lilikuwa linajulikana kabla ya safari, na lilikuwa sababu ya kulitafuta goli mapema kabla miguu haijawa mizito. Tena, kuuacha mchezo ufike kwenye penalti mbele ya kipa wao, Ronwen Williams, lilikuwa jambo la hatari kubwa. Miezi miwili tu kabla, katika robo fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika dhidi ya Cape Verde, kipa huyo alikuwa amepangua penalti nne. Wachezaji wetu waliokosa siwalaumu hata kidogo, kwa maana walisimama mbele ya mtu ambaye wakati ule labda hakuwa na mfano barani Afrika katika kazi hiyo.

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, mkazi wa Morogoro, na mpira nilifundishwa na marehemu baba yangu. Ninachotaka kueleweshwa ni kwa nini mwamuzi wa Pretoria hakwenda pembeni kuitazama runinga wakati VAR, yaani waamuzi wasaidizi wa video, ilikuwapo. Je, huo haukuwa uvunjaji wa kanuni?

Jibu: Dada, swali lako ni zuri kwa sababu linagusa jambo ambalo wengi tulilipigia kelele bila kulijua vizuri. Wakati ule VAR iliruhusiwa kuingilia mambo manne: goli au kutokuwa goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na mchezaji kuadhibiwa kwa kosa la mwenzake. Kwenda kutazama runinga hutarajiwa hasa pale ambapo uamuzi unahitaji tafsiri, kwa mfano uzito wa rafu au mpira wa mkono. Kuvuka kwa mstari ni suala la kweli au si kweli, na sheria inaruhusu chumba cha VAR kikague picha na kumjulisha mwamuzi bila yeye kutoka uwanjani. Kwa hiyo kutokwenda kwake kwenye runinga peke yake hakukuwa kosa.

Shida ilikuwa katika picha zenyewe. Sheria inataka mpira wote uvuke mstari wote. Mstari wa goli unaweza kuwa na upana wa hadi sentimeta 12, na mpira wenyewe una kipenyo cha takriban sentimeta 22, yaani sentimeta 11 kutoka katikati hadi ukingoni. Maana yake ni kwamba mpira unaweza kugusa nyasi sentimeta kumi nyuma ya mstari na bado ukawa si goli, kwa kuwa ukingo wake unauning'inia mstari kwa sentimeta moja. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kuaminiwa kwa kamera iliyosimama pembeni kidogo ya mstari, kwa sababu ukisogea hatua chache upande mmoja mpira unaonekana umeingia, na ukisogea upande wa pili unaonekana umebaki. Macho yangu yaliniambia kwamba ni goli, na nikiirudia picha ile bado yananiambia hivyo, lakini siwezi kukuapia.

Kuna mfumo uliobuniwa kwa tatizo hilo hilo, ambapo kamera maalumu huufuata mpira na saa ya mwamuzi humpa ishara mara unapovuka. Kinachonisikitisha ni kwamba msukumo mkubwa wa kuukubali ulizaliwa katika ardhi ile ile ya Afrika Kusini. Juni 27, 2010, mjini Bloemfontein, shuti la Frank Lampard wa Uingereza liligonga mwamba, likadunda ndani kabisa ya lango la Ujerumani, na goli halikutolewa. Miaka miwili baadaye mfumo uliidhinishwa, na mwaka 2014 ukatumika katika Kombe la Dunia nchini Brazil. Miaka kumi baada ya hapo, robo fainali ya mashindano makubwa kuliko yote ya klabu barani kwetu ilichezwa bila mfumo huo. Ninajua kwamba ni ghali na kwamba viwanja vyetu vingi havina miundombinu yake, lakini kuanzia robo fainali timu ni nane tu, na nitaendelea kuidai CAF gharama hiyo katika safu hii.

Swali: Rais wa CAF, Patrice Motsepe, ndiye aliyekuwa akiiongoza Sundowns, na sasa mwanawe ndiye mwenyekiti. Unataka tuamini kwamba hilo halikuhusika? Msomaji, Mwanza.

Jibu: Uhusiano huo ni wa kweli na unajulikana na kila mtu, na ni haki ya shabiki kuuliza kama unafaa katika uongozi wa mpira. Lakini kuuliza ni jambo moja, na kusema kwamba uamuzi wa usiku ule ulinunuliwa ni jambo jingine linalohitaji ushahidi, ambao mimi sina na wewe hukuniletea. Tusimtuhumu mtu kwa sababu ya jina la baba yake.

Swali: Mimi ni Simba damu, niko Tanga. Usiku ule ule sisi tulifungwa 2-0 na Al Ahly kule Cairo, baada ya kufungwa 1-0 hapa nyumbani, na tukatoka. Mbona sisi tuliofungwa mara mbili tulinyamaza mapema, na watani zetu ambao hawakufungwa hata goli moja bado wanalia?

Jibu: Mtani, ni kwa sababu hiyo hiyo uliyoitaja. Ninyi mlitolewa na timu iliyofunga magoli matatu, na mkiurudia mchezo ule kichwani hamkuti mahali pa kusimama na kusema kwamba hapa ndipo safari ilipokatikia. Sisi tunapajua mahali petu hadi kwa sentimeta: ni pale kwenye nyasi za Loftus, chini ya mwamba, nyuma kidogo ya mstari mweupe, na kila tunapoitazama ile picha tunasogeza shingo tukitafuta pembe ambayo mwamuzi angeuona mpira kama tulivyouona sisi.